Tuimbe, na Kule Nyumbani Watu Wanakufa?



Tunajua kwamba katika kurasa hizi mnapenda kusoma habari za posho, za shule za watoto na za makaratasi, na sisi wenyewe huwa tunaanza na hizo. Lakini mwezi huu tunaomba mtuvumilie tuwaandikie habari ya muziki. Msicheke jamani! Si muziki wa baa wala wa harusi. Ni muziki unaopigwa wakati wa vita, na swali lake ni zito: je, ni halali mtu kuimba wakati kwao kunaungua?

Swali hili lilitugawa sisi wenyewe, familia kwa familia, na tunaamini kwamba hata ninyi mlioko Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja limewahi kuwafikia kwa namna moja au nyingine.

Jinsi swali lilivyotuingia nyumbani

Sisi ni familia chache kutoka Kivu zote mbili, tunaokaa Nsambya, Katwe na Makindye. Kila mwaka mwezi wa pili tunakusanyika jioni moja, watoto wanaimba nyimbo za kwao, wazee wanasimulia, tunakula pamoja, basi. Mwaka 2025 watoto walikuwa wameshaanza mazoezi tangu Noeli. Mwishoni mwa Januari mji wa Goma ukaingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu nayo ikafuata. Simu hazikupatikana kwa siku nyingi. Kila nyumba ilikuwa inangoja habari, na habari zilipokuja nyingi zilikuwa mbaya.

Tuliketi kikao. Baba mmoja alisimama akasema: "Mimi nina watu wawili ambao sijui hata kama walizikwa. Nyinyi mnataka kuimba? Majirani wa hapa watatuonaje?" Wengi tulinyamaza, maana alikuwa na haki. Katika mila zetu nyumba yenye msiba inazima redio.

Halafu mama mmoja mzee, tunayemwita Koko kwa heshima, akauliza polepole: "Na kwenye matanga tunafanya nini usiku kucha? Si tunaimba?" Hapo kikao kikagawanyika kabisa. Wengine walisema nyimbo za matanga ni sala, haziwezi kulinganishwa na nyimbo za watoto za kuchota maji na kutwanga. Wengine walisema wimbo ni wimbo, kinachotofautisha ni moyo wa anayeimba.

Kijana mmoja wa kundi letu alikuwa kimya muda wote. Yeye ana rafiki aliyekuwa anasomea udaktari huko Kharkiv, nchini Ukraine, na mwaka 2022 alikimbia mabomu kwa treni pamoja na wanafunzi wengine wengi wa Kiafrika. Kijana akatoa simu yake, akaiweka mezani, akasema: "Wazee wangu, kabla ya kuamua, angalieni hawa walifanya nini." Ndivyo sisi watu wa Kivu tulivyojikuta tumeinamia simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, tukiwasikiliza Waukraine.

Kharkiv, tarehe 26 Machi 2022

Kharkiv ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Ukraine, na uko karibu sana na mpaka wa Urusi. Ni mji wa mpakani, kama Goma. Urusi ilipovamia kwa nguvu tarehe 24 Februari 2022, Kharkiv ulikuwa kati ya miji ya kwanza kupigwa. Watu walikimbilia kwenye vituo vya treni ya chini ya ardhi. Huko walitandika magodoro na mablanketi, wakalala na watoto wao, wengine hata na paka na mbwa wao, siku baada ya siku.

Mji huo ulikuwa na tamasha la muziki lililopangwa kufunguliwa tarehe 26 Machi katika ukumbi mzuri, watu wamevaa vizuri, wamekata tiketi. Ukumbini haikuwezekana tena. Wenye tamasha wangeweza kusema "tutafanya vita vikiisha", na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini tarehe ile ile waliyoipanga, wanamuziki wachache wa vyombo vya nyuzi walishuka kituoni na fidla zao, wakapiga katikati ya watu waliokuwa wanalala pale. Tamasha lenyewe waliliita tamasha kati ya milipuko.

Walipiga nini? Wimbo wa taifa lao, halafu kazi za Bach na Dvořák, na nyimbo za asili za Ukraine zilizopangwa na mtunzi wao Myroslav Skoryk. Yaani walichanganya muziki mkubwa wa Ulaya na nyimbo za bibi zao. Kwenye video unaona mama amemshika mtoto, unaona mzee ameketi chini. Hakuna anayecheza wala kupiga vigelegele. Wanasikiliza tu, na wengine wanafuta machozi.

Hawakuwa peke yao. Katika mji huo huo mpiga fidla Vera Lytovchenko alikuwa amejificha kwenye chumba cha chini ya jengo pamoja na majirani zake, akawapigia fidla humo humo ili wasahau mabomu kwa dakika chache. Mpiga selo Denys Karachevtsev (selo ni ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa) aliketi katikati ya barabara tupu, nyuma yake majengo yaliyobomoka, akapiga Bach. Na huko Kyiv kijana Illia Bondarenko alipiga wimbo wa asili akiwa mafichoni, na wapiga fidla 94 wa nchi 29 wakaungana naye kwa njia ya video, kila mmoja akiwa kwake.

Muziki wa chumba ni nini hasa?

Labda msomaji utajiuliza: hao walibebaje okestra nzima mpaka chini ya ardhi? Hawakuibeba. Kuna aina ya muziki wa Ulaya inayoitwa muziki wa chumba. Wapigaji ni wachache, wawili, watatu, wanne au watano. Kila mmoja ana sehemu yake peke yake, hakuna wa kujificha nyuma ya mwingine. Kwa kawaida hakuna mtu wa kusimama mbele na kijiti kuwaongoza, kwa hiyo inabidi waangaliane na wasikilizane. Hakuna spika wala jukwaa. Tangu zamani ulipigwa ndani ya nyumba za watu, mbele ya wageni wachache.

Tulipoelezwa hivyo, Koko akasema: "Kumbe! Ni kama sisi." Na kweli. Sisi wakimbizi tuliacha mabati, ng'ombe, mashamba na picha za harusi. Tulipofika hapa tulipanga chumba kimoja, kile ambacho Waganda wanakiita muzigo, na pazia katikati. Ukumbi hatuna. Lakini watu watano wanaosikilizana wanatosha kwenye muzigo, na hata kwenye hema la plastiki wanatosha.

Historia ina mfano mwingine unaotuhusu sana sisi watu wa kambi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mtunzi wa Kifaransa Olivier Messiaen alikamatwa na Wajerumani, akafungwa katika kambi ya wafungwa wa vita huko Görlitz. Humo kambini walikuwepo mpiga fidla, mpiga selo na mpiga klarineti, naye mwenyewe alipiga piano. Basi akatunga muziki wa vyombo hivyo vinne tu, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Waliupiga tarehe 15 Januari 1941, katikati ya baridi kali, mbele ya wafungwa na walinzi wao. Mpaka leo unapigwa duniani kote. Hakungoja afunguliwe, wala hakungoja apate vyombo vyote alivyovitaka.

Na tusidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Kwetu Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha okestra ya Kimbanguiste mwaka 1994. Wakati huo fidla hazikutosha wanafunzi. Mmoja alikuwa anapiga kidogo, anampa mwenzake. Kamba ikikatika walitafuta waya wa breki ya baiskeli. Leo okestra hiyo inajulikana nje ya Afrika, na mwaka 2010 ilitengenezewa filamu. Walianza katika miaka ile ile ambayo nchi ilikuwa inaelekea kwenye vita.

Wao pia waliwahi kukimbilia huku

Hapa tuongeze jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Kuanzia mwaka 1942 Uganda ilipokea maelfu ya wakimbizi Wazungu. Walikuwa Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti mpaka Siberia na sehemu nyingine za mbali, kisha wakapitia Iran mpaka Afrika Mashariki. Wengi wao walitoka katika mashariki ya Poland ya zamani, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo leo iko ndani ya Ukraine. Waliwekwa katika kambi mbili: Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mukono. Wengi walikuwa wanawake na watoto, kama ilivyo kwetu.

Kanisa walilolijenga Nyabyeya lipo mpaka leo, na makaburi yao yapo. Hawakujua watakaa miaka mingapi, wala kama watarudi. Lakini walijenga kanisa, wakafungua shule, wakawafundisha watoto lugha yao katikati ya msitu. Tunapowaona Waukraine kwenye simu wakipiga fidla kituoni, tukumbuke kwamba watu wa upande ule ule wa dunia waliwahi kupokelewa na ardhi hii hii inayotupokea sisi.

Aliyekataa kupiga

Baba yule aliyepinga hakuridhika na video. Alisema: "Muziki pia unaweza kusema uongo. Mtu akiona mnaimba, atasema hawa hawana shida." Tunakiri kwamba neno hili lilituchoma, na lina ushahidi wake huko huko Ukraine.

Mji wa Kherson ulikaliwa na jeshi la Urusi tangu mwezi Machi 2022. Waliokuwa wanautawala walitaka okestra ndogo ya mji huo, inayoitwa Gileya, ipige katika tamasha la tarehe 1 Oktoba 2022, ili dunia ione kwamba mambo ni shwari. Mwongozaji wake, Yuriy Kerpatenko, alikataa. Mwezi huo huo wizara ya utamaduni ya Ukraine ilitangaza kwamba askari wa Urusi walimpiga risasi nyumbani kwake. Kherson ulikombolewa tarehe 11 Novemba, yeye hakuiona siku hiyo.

Sisi Wakongomani tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa. Wazee wetu wanakumbuka enzi za Mobutu, wafanyakazi na wanafunzi walipokuwa wanalazimishwa kucheza na kuimba sifa za Rais, jua linawaka, njaa inauma. Ule nao ulikuwa muziki. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila wimbo wakati wa vita ni mwema. Tuliuliza hivi: nani anaimba, anamwimbia nani, na wimbo unaficha nini? Wale wa kituoni Kharkiv hawakuficha vita. Walipiga mahali penye magodoro, na kila mtu aliyaona. Tamasha la Kherson lilitakiwa lifanye magodoro yasionekane. Hapo ndipo tulipoona tofauti, na hata baba yule alikubali kwamba hiyo ndiyo tofauti.

Tulivyofanya sisi

Mwisho tulikubaliana kuimba, lakini kwa masharti. Tunayaandika hapa kwa sababu huenda yakawafaa wengine.

Kwanza, tulianza kwa kutaja majina ya marehemu na ya wale ambao hatujui waliko. Kila familia ilitaja yake, polepole, na ilichukua muda mrefu. Pili, hakukuwa na spika, wala pombe, wala kucheza. Tatu, kikapu kilipita, na kilichopatikana walipewa familia zilizokuwa zimefika mpya na mifuko mitupu. Nne, asiyetaka kuja asije, na mtu yeyote asimseme.

Tuliketi kwenye nyumba moja Nsambya, watu wazima kwenye mikeka, watoto wamebanana kitandani. Kulikuwa na gitaa moja, likembe moja na ngoma ndogo iliyofunikwa kitambaa ili isisumbue majirani. Umeme ulikatika mapema, tukawasha tochi za simu. Watoto waliimba kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kihunde na kwa Kinande. Koko aliimba wimbo wa kuchota maji ziwani. Binti mmoja wa miaka tisa, aliyezaliwa hapa Kampala na anayeongea Kiganda kuliko lugha ya mama yake, akauliza katikati ya wimbo neno fulani maana yake nini. Koko akasimama, akamweleza: ni ile ngata ya majani wanayoiviringisha kichwani chini ya mtungi. Mtoto akalirudia neno mara tatu, wimbo ukaendelea.

Sisi wazazi tulitazamana. Miongoni mwetu ni Koko peke yake aliyekuwa bado analijua neno hilo. Kama tungengoja amani ndipo tumfundishe mtoto yule, tungengoja mpaka lini? Vita vya kwetu vimeanza mwaka 1996, vimebadilisha majina, vimesimama, vimerudi. Watoto waliozaliwa mwaka huo leo ni baba na mama. Koko naye hatangoja.

Majirani hawakutusema vibaya. Mama mwenye nyumba wa jirani, Muganda, aligonga mlango, tukadhani anakuja kulalamika. Alileta chai ya maziwa kwenye chupa, akaketi mlangoni mpaka mwisho.

Baba yule hakuja. Tulimheshimu, na tunamheshimu. Lakini alimleta binti yake mpaka mlangoni, akamwambia aimbe vizuri, akarudi nyumbani peke yake. Hatukumuuliza kwa nini.

Kwa familia za kambini

Ndugu zetu, wengi wenu mna maisha magumu kuliko sisi wa mjini. Sisi hatupati posho, lakini ninyi mnaijua ilivyopunguzwa. Hatuwezi kuwaambia kwamba wimbo unajaza tumbo. Waukraine waliosikiliza fidla kituoni, tamasha lilipokwisha walirudi kwenye magodoro yale yale, na mabomu yakaendelea. Muziki haukusimamisha vita, na aliyeupiga hakudanganya kwamba utasimamisha.

Lakini kuna kazi ambayo ulifanya. Watu waliokuwa wamelala chini kama mizigo iliyosahauliwa stesheni, kwa saa moja walikuwa wasikilizaji, watu wenye mji na wenye nyimbo. Watoto waliokuwepo walijua kwamba wakubwa wao hawakukaa tu kungoja. Kazi hiyo hata sisi tunaiweza, na haihitaji fedha za mradi wala kibali cha mtu.

Tunawapendekezea jambo moja dogo. Mwezi huu, jioni moja, familia mbili au tatu zikae pamoja, watu wasizidi wale wanaoenea kwenye nyumba moja. Mzee mmoja aimbe wimbo mmoja wa kwao ambao watoto hawaujui. Mtoto aruhusiwe kumkatiza na kuuliza maana ya maneno. Kama kuna msiba, majina yatajwe kwanza. Kama kuna simu inayorekodi, rekodini, maana sauti za wazee hazina akiba. Na kama kuna mtu ambaye moyo wake bado ni mzito, mwacheni apumzike, siku yake itafika au haitafika, bado ni ndugu yenu.

Halafu mtuandikie kupitia gazeti hili: wimbo gani uliimbwa, ni wa wapi, na neno gani ambalo watoto hawakulijua. Sisi tutakusanya maneno hayo na kuyachapisha hapa pamoja na maana zake, ili mtoto wa Kyangwali ajifunze neno la mzee wa Nakivale. La kwanza, lile la ngata ya Koko, tutawapa toleo lijalo, yeye mwenyewe ameomba kwanza amuulize dada yake aliyeko Rwamwanja kama anakumbuka kulitamka sawasawa.

Tunawatakia afya njema na usalama, ninyi na wale mliowaacha nyuma.

Ni sisi ndugu zenu, familia za Nsambya, Katwe na Makindye, Kampala.